Kikapu Nilichokirudisha Mlangoni

Bismillahi. Haya ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, na pale ambapo sikuona nilikuwa ndani nakaa eda, kwa hiyo nitasema nilikuwa ndani.

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Haina jina bado. Kamati ya kuipa jina ilianza kukaa marehemu mume wangu akiwa kijana, na siku tunamzika ilikuwa ingali inakaa. Kila redio ikiizungumzia husema wajumbe wamefikia hatua nzuri. Ni nchi njema. Anayesema si njema huchukuliwa akapumzike mahali mpaka aone ilivyo njema, na wengi wakirudi kweli wameona, hawataki hata kuulizwa.

Mashamba tulikuwa nayo kama watu wengine. Huyu karithi, huyu kanunua, yule kafyeka pori na babu yake. Jirani akiwa hana pa kulima, unampa kipande. Analima msimu wake, anavuna, halafu anakuletea kikapu kimoja cha mavuno ya kwanza. Haikuwa kodi. Hata kikiwa nusu, ni kikapu. Maana yake ni moja tu: nimelima mimi, lakini najua shamba ni la nani. Ukikipokea, yamekwisha, mnaagana mpaka masika mengine. Na katika shamba la kuazima mtu hapandi mti. Mahindi yanavunwa yakaisha. Mti una mizizi, na mizizi haijui kuhama.

Tuliishi hivyo, hatukujua kuwa tunakosea.

Ndipo Kiongozi Mpendwa akaota ndoto. Kwetu ndoto ya Kiongozi hufikishwa Bungeni kabla hajanawa uso. Aliota ardhi inalia kiu, akaipa maji, ikayatema, ikasema, "Sitaki maji, nataka jasho." Wabunge walisikiliza ndoto ile wakalia, halafu wakapiga makofi, na makofi yalipokoma ilikuwa imeshakuwa sheria. Sheria ya Jasho. Ardhi ni ya yule aliyeitolea jasho.

Na mimi nilipiga makofi, hapa hapa kibarazani, na redio yangu. Nilisema, alhamdulillahi, mimi na Shomari tuna shamba kule bondeni, na kama ni jasho, tumelimwaga la kutosha kuogesha ng'ombe.

Mzee mmoja aliuliza mkutanoni kuhusu mashamba saba ya Kiongozi, yale ambayo mwenye mimba akianza kuyazunguka hujifungulia njiani. Akauliza, huko nani hutoka jasho? Waziri akamjibu kwa upole sana kwamba Kiongozi hutoka jasho la fikra, ambalo halionekani kwa macho ya kawaida. Mzee akasema macho yake ni ya kawaida. Akachukuliwa akapumzike.

Kukaundwa Baraza la Jasho, na Mwenyekiti wake akawa Mheshimiwa Kasimbazi. Huyu alisomea jasho ng'ambo, katika nchi ya barafu, ambako jasho ni adimu na kwa hiyo linaheshimiwa.

Mwaka ule ule Shomari alirudi kutoka bondeni jioni, akavua shati lake la mistari ya buluu, akalitundika kwenye msumari, akasema kichwa kinamuuma. Hakulivaa tena. Mungu amlaze pema.

Mjane wa kwetu hukaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu akija na shida huzungumza naye akiwa nyuma ya pazia. Ndiyo dini, na sikuona uzito. Uzito ulikuwa nje. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, na shamba la bondeni lilikuwa halijaguswa.

Siku moja nilikuwa na wifi yangu Siwema, dada wa marehemu, ndiye aliyenitunza. Tukasikia hodi.

"Karibu," nikasema, "lakini ishia hapo hapo. Niko eda."

"Najua, bi mkubwa. Pole kwa msiba. Shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

"Ngwale, wa ng'ambo ya mto. Bi mkubwa, mvua hiyo inakuja, na shamba lako la bondeni limelala."

"Halijalala. Linangoja."

"Linangoja magugu, bi mkubwa. Nipe nilime msimu huu mmoja tu. Mahindi na kunde. Ukitoka eda utalikuta safi kama sinia."

"Mti usipande."

"Mti? Mimi mtu wa kunde tu."

"Na kibanda usijenge."

"Nilale shambani kwani mimi nguruwe?"

Nikakubali. Alipoondoka Siwema akasema, "Mtu mwenye sauti laini namna hiyo ameitia mafuta kwa kazi maalumu." Nikamwambia dhana mbaya ni dhambi. Akasema, "Basi hii dhambi niandikie mimi."

Mvua ikanyesha, kunde zikawahi. Ngwale akaja mlangoni na kikapu kimejaa, nikaisikia harufu ya kunde kabla hajabisha. Nikamwambia kutoka nyuma ya pazia, "Kipeleke madrasa moja kwa moja, watoto wapate kula, wamsomee Shomari."

Siwema akaninong'oneza, "Kipokee kwanza, ndipo ukitoe."

"Nikiguse cha nini? Acha thawabu imfikie haijapoa."

Ngwale akasema, "Kwa hiyo, bi mkubwa, hukipokei?"

"Sikipokei. Kipeleke."

Akauliza tena, kwa sauti kubwa kidogo, kama mtu anayetaka majirani wasikie: "Unakikataa?"

"Nakirudisha," nikasema. "Nenda nacho."

Akaenda nacho. Watoto wakala kunde, wakasoma vizuri sana.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa, nikashika njia ya bondeni. Nililikuta shamba safi kama sinia, hakusema uongo. Juu ya sinia palikuwa na michungwa michanga imepangwa mistari, kila mmoja na kijiti chake, na katikati kibanda cha udongo chenye mlango na kufuli. Mtu mmoja mfupi alikuwa anamwagilia.

"Ngwale," nikamwita.

Akanitazama juu mpaka chini. "Shikamoo, mama. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Hili shamba langu."

"Lako? Mimi mwenye shamba hili wa zamani sijapata kumwona. Nilisikia sauti tu, nyuma ya pazia. Nitajuaje kama ni wewe?"

"Ngwale, sauti yangu si hii unayoisikia?"

"Sauti zinafanana, mama. Hata redio ina sauti."

Mimi, Mungu anisamehe, nikaingia kwenye mahindi ya pembeni nisionekane, nikasema kutoka humo, "Mti usipande, na kibanda usijenge." Nilidhani akisikia bila kuona atanikumbuka. Akacheka mpaka ndoo ikamwagika.

"Hiyo sauti ndiyo," akasema. "Ila ile ilikikataa kikapu. Na asiyepokea kikapu si mwenye shamba. Tukutane Barazani, mama. Uje na jasho lako."

Baraza la Jasho hukaa katika jumba lenye viyoyozi, ili jasho la kesi moja lisichanganyike na la nyingine. Kila mdai huja na nguo yake ya kazi, iitwayo shati la ushahidi, na yuko ofisa aitwaye Mnusaji wa Baraza, mwembamba, mwenye pua iliyosomeshwa kwa fedha za umma. Ngwale alileta fulana. Mnusaji akaipeleka puani, akafumba macho, akasema, "Jasho la msimu mmoja. Halisi. Lina kunde kidogo."

Mimi nilileta shati la Shomari, la mistari ya buluu. Sikuwa nimelifua tangu alipolitundika. Sikupenda kulitoa mkononi, maana nikiwa eda, usiku nilikuwa nalinusa mimi mwenyewe, na sikuwa na cheo.

Mnusaji akalinusa muda mrefu. Akasema, "Mheshimiwa, hili ni jasho la miaka mingi. La bondeni. Sijawahi kukutana nalo."

Watu wakaguna. Nikasema moyoni, haki imefika.

Mheshimiwa Kasimbazi akavaa miwani. "Mwenye jasho hili yuko wapi?"

"Amefariki, Mheshimiwa."

"Anaweza kufika mbele ya Baraza hili akalidai?"

"Amezikwa, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo hajafika." Akamgeukia karani. "Andika: mdai hakufika, wala hakutoa taarifa. Ndugu wananchi, jasho si cherehani, wala si kitanda, hata lirithiwe. Jasho la marehemu hukoma pamoja na marehemu. Hiyo ndiyo falsafa ya Kiongozi Mpendwa, na ndiyo sayansi."

"Lakini na mimi nililima, Mheshimiwa. Miaka yote tulikuwa wawili."

"Shati lako la ushahidi?"

"Nilifua. Mimi nasali sala tano, siwezi kusimama mbele ya Mola na nguo ya shambani."

Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa huzuni. "Andika: alifua ushahidi."

Ngwale akapewa nafasi. Akaeleza habari ya kikapu, na kwa kuwa mimi si muongo nikakubali kwamba nilikirudisha. Nikasema nilikitoa sadaka.

"Bibi," akasema Mheshimiwa, "sadaka hutolewa kwa kilicho chako, au kwa kisicho chako?"

"Kwa kilicho changu, Mheshimiwa."

"Na kisichopokelewa ni cha nani?"

Nikanyamaza. Nilisoma shule ya msingi tu, na huko hawakufika hapo.

"Andika: alinyamaza. Hata hivyo Baraza hili halikurupuki. Litakwenda likalione shamba lenyewe. Vielelezo vyote vibaki hapa."

Nikaomba angalau shati nirudishiwe. Mnusaji alikuwa ameshalikunja kwapani, akaniambia kielelezo ni mali ya taifa. Ngwale tulipishana mlangoni. "Pole, mama," akasema. "Ukipenda machungwa utapita."

Nilimwombea dua, nayo si ya heri. Mungu anajua nilivyoipanga.

Baraza lilifika bondeni jua la utosi, kwa magari yenye vioo vyeusi. Mheshimiwa Kasimbazi alishuka amevaa suti ya vipande vitatu na joho juu yake, na juu ya joho nishani. Akasimama katikati ya michungwa, akashika kipaza sauti, akaanza hotuba iitwayo Historia ya Jasho Tangu Enzi za Mababu. Alipofika kwa mababu shingo ililoa. Alipofika kwenye ukombozi wa taifa suti ililoa. Alipomfikia Kiongozi Mpendwa maji yalikuwa yanamtiririka kwenye vidole yakidondokea mchangani, na ule mchanga, ambao mimi na Shomari tulikuwa tunaujua kwa joto lake, ukawa unalowa kama pametekwa maji.

Mnusaji akapiga magoti. Akanusa ardhi. Akaenda kwenye nyayo za Ngwale akanusa, akaja kwenye zangu akanusa, akarudi kwa Mheshimiwa. Akainuka taratibu.

"Mheshimiwa," akasema, "sheria inasema ardhi ni ya yule aliyeitolea jasho. Haikutaja jembe."

Wajumbe wote wakamgeukia Mheshimiwa.

Mheshimiwa akavua miwani, akaipangusa, akasema kwa sauti ya mtu aliyeletewa msiba, "Mzigo huu sikuuomba. Lakini mimi ni mtumishi wa sheria. Naupokea."

Wajumbe wakapiga makofi. Ngwale akawa kama mtu aliyemeza mfupa. "Mheshimiwa, nimelima mimi. Hii michungwa nimeipanda kwa mkono huu."

"Wewe umelima," akasema Mheshimiwa. "Mimi nimetoka jasho. Usichanganye mambo mawili."

Siwema alinishika kiwiko nisicheke. Sikuwa nacheka. Nilikuwa nalitazama shamba la mume wangu likipewa mtu ambaye viatu vyake vilikuwa vinaogopa udongo.

Sasa mwenye shamba anahitaji mkulima. Mheshimiwa angelima mwenyewe, lakini ana majukumu. Akamwajiri Ngwale, maana michungwa ilikuwa imemzoea. Na hapo ndipo nilipoona elimu ni kitu kikubwa, kwa sababu Mheshimiwa aliijua sheria yake vizuri, na mtu anayeijua sheria yake haruhusu mwingine atoke jasho juu ya ardhi yake. Mkataba wa Ngwale ulisema hivi: alime, apalilie, amwagilie, ila asitoke jasho. Likitoka kwa bahati mbaya lisifike chini.

Wakamwekea mgambo. Ngwale akiinua jembe, mgambo yuko nyuma na beseni na kitambaa. Tone likianza kwenye paji la uso, mgambo analipangusa, anakikamua kitambaa kwenye beseni, na jioni beseni linabebwa na gari la serikali kwenda kumwagwa mtoni. Siku za jua kali Ngwale alilima chini ya mwavuli. Siku moja alitokwa na chozi, mgambo akashindwa kuamua, akalipangusa vilevile na kuomba mwongozo.

Mimi nilikuwa napita njia ya bondeni karibu kila siku. Njia ni ya wote, bado hawajaiotea ndoto. Nasimama, natazama, naondoka. Siku moja Ngwale akaniita.

"Umeona, bi mkubwa?" Nilikuwa nimeacha kuwa mama, nimerudi kuwa bi mkubwa.

"Nimeona."

"Hata jasho langu hawaniachii."

"La Shomari uliliacha?"

Akainamisha uso. Mgambo akamuinua kidevu, akampangusa. Nami nikakiona kile kitambaa. Kilikuwa kimechanika kola na mikono imekatwa, lakini mistari ya buluu naijua, nilichagua mwenyewe dukani.

Nikasema, "Ngwale, unajua unapanguswa na nini?"

"Na tambara."

"Hilo ndilo shati ulilotaka wasilikubali Barazani. Umeshinda. Sasa haliruhusiwi hata kukaa kwenye msumari wangu."

Mgambo akasema nisizungumze na mtambo wa serikali ukiwa kazini. Nikaondoka. Nilipogeuka kwenye kona ya njia, Ngwale alikuwa amesimama na jembe mkononi, halimi, na mgambo anamtazama usoni kama anayengoja mvua.

Kunde zikakomaa tena, zile za katikati ya michungwa. Jioni moja tukasikia hodi. Nilikuwa nimeshatoka eda zamani, lakini nilinyanyuka nikashusha pazia.

"Nani?"

"Ngwale, bi mkubwa. Shikamoo. Nimeleta kikapu."

"Cha nani?"

"Cha mwenye shamba."

"Umepotea. Mwenye shamba anakaa mjini, gari lake lina bendera."

"Yule ana hukumu," akasema Ngwale. "Mwenye shamba ni wewe."

"Sijasikia. Siwema naye yuko uani, masikio mazito. Na jirani wa kulia, na wa kushoto."

Nadhani alikuwa anafikiria mahali pale wanapopumzishwa watu. Halafu akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Shamba la bondeni ni la Mwajabu mjane wa Shomari, na hiki ni kikapu chake."

Milango ikafunguka. Nikapitisha mikono yote miwili chini ya pazia, nikakipokea.

"Nisamehe, bi mkubwa."

"Msamaha uko kwa Mungu, mlango wake haufungwi. Wangu una pazia. Nenda salama."

Nikasikia miguu yake ikiondoka. Kunde nikazimimina kwenye ungo, na chini kabisa ya kikapu, limekunjwa vizuri kuliko nilivyotarajia kutoka kwa mtu yule, lilikuwa shati la Shomari; alilitoaje kwa mgambo, hakusema. Siwema akalinusa akashika pua. "Hili sasa linanuka mto, mgambo na Ngwale."

"Na Shomari," nikasema.

Nikalitundika msumarini. Kunde nikazipeleka madrasa mwenyewe, kwa miguu yangu, kichwani kwangu. Sadaka hutolewa kwa kilicho chako, si ndivyo Baraza lilivyoniambia?

Habari zina miguu. Wiki ile ile, huko ng'ambo ya mto, mkulima wa Mheshimiwa mwingine aliyejipatia shamba kwa jasho la hotuba alipeleka kikapu kwa kizee aliyenyang'anywa. Kisha mwingine. Mgambo wakaanza kuona vikapu vinatembea jioni, na kila kikapu kikielekea nyumba isiyo na hukumu. Mheshimiwa Kasimbazi akazungumza redioni. Alisema kikapu ni kifaa cha uchochezi, kina matundu ambayo siri za nchi hupitia, na kuanzia siku hiyo ni kosa kusuka kikapu, kubeba kikapu, au kupokea kikapu. Sokoni watu walibeba mihogo kwenye kanga. Vikapu vilivyokuwepo vilichomwa hadharani, na Kiongozi Mpendwa akatoa jasho kidogo pale karibu na moto, ambalo lilirekodiwa.

Ngwale wamempumzisha. Sikumlilia, na sikufurahi. Mke wake alipokuja nilimpa kunde.

Kwa hiyo nawaambia wenye mashamba: usimpe mtu alime. Ukimpa, usife, usikae eda, usifue nguo, usitoe sadaka kabla hujaishika, wala usiwe na mume anayekufa. Ukiyazingatia hayo, shamba lako liko salama mpaka Kiongozi alale tena.

Mimi siku hizi nakaa kibarazani, nasuka. Ukindu ninao, mikono inayo mazoea tangu utotoni. Nasuka ukili, utepe mrefu, naukunja mviringo, nasuka mwingine. Mgambo hupita, husimama, huuliza, "Bibi, hicho unachosuka ni nini?"

Namwambia mkeka. Wa kusalia.

Hainami kuangalia, lakini hata akiinama sina wasiwasi. Ukili wa mkeka na ukili wa kikapu ni mmoja, hauonyeshi utakuwa nini mpaka ushonwe. Sindano ninayo. Nangoja kunde zikomae.